Mama ana VVU, presha, sukari, na sasa figo: je, ni ugonjwa mmoja uliozaa mengine?

*"Daktari, habari ya kazi. Mama yetu ana miaka 58, anaishi Busia upande wa Uganda. Analima na pia anauza mukene (dagaa) sokoni. Anatumia dawa za VVU tangu 2007 na kirusi hakionekani kwenye kipimo. Miaka minne iliyopita aliambiwa ana presha, mwaka juzi sukari, na mwezi uliopita wakasema damu inaonyesha figo zake zinahitaji kufuatiliwa. Magoti nayo yanamsumbua. Anameza TLD ya VVU usiku, kaptoprili na bendro za presha, metformini ya sukari 1000 asubuhi na 1000 jioni, na kwa ajili ya magoti ananunua diklofenaki dukani. Kliniki ni tatu, siku tatu tofauti, na kila mahali ana daftari lake. Mjomba anasema dawa za VVU ndizo zimemharibu mwili. Watu wa maombi wanasema ametupiwa kitu. Sasa kuna watafiti kliniki wanaomwomba ruhusa wasome mafaili yake, eti wanachunguza jinsi magonjwa sugu yanavyoandamana kwa mtu mmoja. Je, ni ugonjwa mmoja uliozaa mengine? Aache dawa gani? Na huo utafiti una faida gani kwake?"*

Naanza na swali lako la pili, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri. Diklofenaki aiache leo. Ndiyo dawa pekee kwenye orodha yako ambayo nasema aiache bila kusubiri kumwona mtu, kwa kuwa hakuna aliyemwandikia na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Nyingine zote aendelee kuzimeza kama kawaida. Ila metformini, kwa kiwango hicho, ipelekwe kliniki wiki hii hii bila kungoja tarehe ya kurudi. Nitaeleza sababu za yote mawili.

Umeniuliza kama ni ugonjwa mmoja uliozaa mengine. Naelewa swali hilo linatoka wapi. Mtu akipata ugonjwa mmoja, familia huupokea. Akiongezewa wa pili na wa tatu, watu huanza kutafuta wa kulaumiwa, na kila mmoja nyumbani anakuja na wake. Kwa hiyo niseme wazi kuhusu mama yako: VVU, presha, sukari, figo na magoti kukutana kwa mwanamke wa miaka 58 si jambo la ajabu, wala si dalili kwamba kuna aliyemtakia mabaya. Ni mkusanyiko tunaouona kliniki mara kwa mara, na sehemu kubwa ya sababu zake inajulikana. Wanaomwombea waendelee kumwombea. Maombi hayagombani na dawa. Hatari huja pale mtu anapoambiwa kwamba imani yake itaonekana kwa kuacha vidonge.

Mjomba namjibu kwa heshima, maana hakukosea kabisa. Mtu aliyeanza ARV mwaka 2007 hapa Uganda huenda alianzishiwa mchanganyiko wenye stavudini, kwa sababu ndio uliokuwa umeenea wakati huo. Dawa hiyo iliwaondolea watu mafuta usoni na miguuni, na pia ilivuruga namna mwili unavyotumia sukari. Iliachwa kwa sababu hizo hizo. Hata dolutegraviri, iliyomo ndani ya TLD anayomeza sasa, imewahi kuhusishwa na sukari kupanda ghafla kwa watu wachache. Madaktari wa Infectious Diseases Institute pale Mulago waliripoti mwaka 2020 kwamba kati ya wagonjwa 3,417 waliohamishiwa dolutegraviri, 16 walipandwa sukari, ilhali katika kundi la kulinganisha la watu 3,230 alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo tatizo lipo, lakini ni la watu wachache, na dawa yenyewe ndiyo inayomweka mama hai.

Upande wa pili mjomba huenda hajawahi kuusikia. Kulikuwa na jaribio kubwa la kimataifa lililoitwa SMART, likachapishwa mwaka 2006, lenye washiriki zaidi ya 5,000. Nusu yao waliendelea na ARV bila kukatiza, na nusu waliruhusiwa kuziacha kwa vipindi pale kinga ilipokuwa juu. Wengi walitarajia kwamba wanaopumzika wangepata nafuu ya madhara ya dawa kwenye moyo, ini na figo. Ikawa kinyume: waliokatiza ndio waliokufa zaidi, na ndio waliopata zaidi magonjwa ya moyo, ya figo na ya ini. Jaribio likasimamishwa mapema. Kirusi kisichodhibitiwa huumiza figo na mishipa kuliko dawa inayokidhibiti. Mjomba akilisikia hilo, natumaini atakuwa upande wetu.

Sasa tuje kwenye namna magonjwa haya yanavyoshikana.

VVU, hata vinapozimwa kwa dawa hadi visionekane, huacha kinga ya mwili ikiwa imechokozwa kwa kiwango cha chini, mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi. Tunauita mchochota wa kudumu. Sehemu yake inatokana na jeraha ambalo kirusi hulitia kwenye utumbo tangu siku za mwanzo, hadi chembechembe za bakteria zikawa zinapenya na kuingia kwenye damu. Mchochota huo unaikomaza mishipa ya damu kabla ya wakati wake. Ndiyo maana hatari ya ugonjwa wa moyo kwa wanaoishi na VVU ni karibu mara mbili ya wengine. Ongeza umri, maana mama amefika miaka 58 na miaka yenyewe huleta presha na sukari kwa watu wasio na VVU kabisa. Ongeza uzito, ambao wengi huupata wakiwa kwenye dolutegraviri. Sijui uzito wa mama, hukuandika. Mpime kiuno na uzito safari ijayo.

Presha na sukari nazo zina mizizi ya pamoja. Mwili unapoanza kukaidi insulini, homoni inayoshusha sukari, figo hushikilia chumvi, mishipa hukaza, presha hupanda. Kisha zote mbili hushuka kwenye kichujio kimoja, mishipa midogo sana ndani ya figo, na kukiharibu taratibu bila maumivu yoyote. Figo ikidhoofika, yenyewe hupandisha presha zaidi. Hapo ugonjwa unaanza kujilisha.

Na magoti? Watu huyaweka kando, kana kwamba ni ya idara nyingine. Mimi naona kwamba kwa mama yako magoti ndiyo yaliyofungua mlango. Miaka ya kuinama na jembe na kubeba mizigo ya sokoni imekula gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti. Magoti yanauma, kwa hiyo anatembea kidogo. Akitembea kidogo, uzito na sukari vinapanda. Na kwa kuwa hakuna kliniki kati ya zile tatu iliyomuuliza habari za magoti, akaenda kujinunulia diklofenaki. Dawa hiyo hubana mshipa unaoingiza damu kwenye figo. Kaptoprili, ambayo ni nzuri kwake, hulegeza mshipa unaoitoa damu humo, hivyo shinikizo ndani ya kichujio hushuka. Bendro humtoa maji mwilini. Dawa hizi tatu zikikutana, figo hukosa msukumo wa kuchuja, na siku ya jua kali sokoni, au siku ya kuhara, zinaweza kuzimika ndani ya siku chache. Juu yake weka tenofoviri iliyomo kwenye TLD, ambayo kwa baadhi ya watu huchosha figo, na diklofenaki huizidishia hatari hiyo. Kumbuka pia kwamba diklofenaki yenyewe hupandisha presha. Inawezekana kabisa kwamba mtu wa kliniki ya presha amekuwa akimwongezea vidonge kwa tatizo linalonunuliwa dukani.

Jambo la metformini ni hili. Dolutegraviri huziba njia ambayo figo huitumia kuitoa metformini, kwa hiyo metformini hubaki mwilini kwa wingi kuliko tunavyokusudia. Ndiyo maana mtu aliye kwenye TLD kwa kawaida havuki miligramu 1000 za metformini kwa siku nzima, na mama anameza 2000. Figo zikiwa sawa, wengi huvumilia, wakipata kuhara na kichefuchefu. Figo zikiwa zimedhoofika, dawa hujikusanya na inaweza kuleta tindikali kwenye damu, hali adimu lakini ya kutisha. Asipunguze mwenyewe bila kuwaambia, kwa sababu sukari ikiruka juu nayo inaua figo. Mwambie mhudumu maneno haya: "Mama yuko kwenye TLD na anatumia metformini 2000, na figo zinafuatiliwa." Atakayesikia hivyo atajua la kufanya. Wakitaka kumbadilishia, uliza kama wanafikiria glibenklamidi, dawa nyingine ya sukari. Kwa mtu mwenye figo dhaifu, glibenklamidi hukaa sana mwilini na kuangusha sukari usiku, hivyo waombe chaguo jingine kama lipo.

Jambo moja la kumtuliza. Dolutegraviri hupandisha kidogo kipimo cha kreatinini, taka ya damu inayotolewa na figo, katika wiki za mwanzo bila kuumiza figo, kwa sababu inazuia kreatinini isitolewe. Uchujaji wenyewe haujabadilika. Kwa hiyo tarakimu moja ya kreatinini haitoshi kumhukumu mtu. Waombe wapime pia protini kwenye mkojo, na walinganishe na kipimo cha zamani kama kipo kwenye faili. Kisha, baada ya wiki chache bila diklofenaki, wapime tena. Nimeona figo nyingi zikirudi nyuma kutoka ukingoni kwa kuacha kidonge cha dukani tu. Zikiendelea kushuka, zipo ARV nyingine zisizo na tenofoviri ya aina hiyo, kwa mfano zenye abakaviri, na uamuzi huo ni wa kliniki ya VVU.

Kwa maumivu ya magoti kuna njia, ingawa hakuna iliyo ya haraka kama diklofenaki, na sitakudanganya. Parasetamoli husaidia baadhi ya watu na wengine haiwasaidii. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kukaa kwenye kiti na kunyoosha mguu polepole mara kadhaa kila siku, yana faida ya kweli, ila yanataka wiki sita hadi nane kabla hajaihisi. Kupungua uzito hata kilo nne au tano hupunguza mzigo wa goti na pia sukari. Fimbo ya kutembelea si aibu. Sindano ya steroidi kwenye goti hutuliza kwa muda lakini hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Akiitaka, aseme kwanza kwamba ana kisukari. Na zile dawa za mitishamba zinazouzwa kwenye chupa zikiwa zimechanganywa na vitu visivyoandikwa, aziepuke kabisa akiwa na figo hizi.

Kuhusu kliniki tatu. Haya mambo mawili makubwa, diklofenaki na metformini, hayakuonekana kwa sababu hakuna aliyekaa na madaftari yote matatu pamoja. Wahudumu si wazembe. Kila mmoja anaona ugonjwa wake, kwa dakika zake chache, na ugonjwa huo anautibu vizuri. Kwa hiyo kazi yako wewe, mtoto wake, ni hii: chukua karatasi moja, andika kila anachomeza, kiwango, na anakipata wapi, pamoja na cha dukani na cha mganga. Weka madaftari yote kwenye mfuko mmoja. Kisha kituo anachokwenda kwa VVU waulizwe kama wanaweza kupima presha na sukari hapo hapo na kumpa dawa zote siku moja. Vituo vingi vya ARV sasa hufanya hivyo. Katika jaribio lililofanyika kwenye vituo 32 vya Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023, wagonjwa wa VVU, sukari na presha walihudumiwa kliniki moja, na udhibiti wa VVU haukuharibika. Faida kwake ni nauli moja badala ya tatu, na jicho moja linaloona vyote. Hasara ipo: ARV hutolewa bure na mara nyingi zipo, ilhali dawa za presha na sukari kwenye vituo vya serikali huisha, na kuhamia kliniki moja hakujazi stoo. Awe na akiba ya wiki mbili za dawa hizo ikiwezekana.

Kabla sijafika kwa watafiti, kuna kitu hukukiandika: mama analala vipi, anacheka, anakula na wengine? Huzuni nzito huandamana na magonjwa haya kuliko tunavyokubali, na humfanya mtu asahau dawa au asione haja yake. Wilaya za kaskazini, Gulu, Kitgum na Pader, Dkt. Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake walionyesha kwamba vikundi vya kusaidiana vinavyoongozwa na wahudumu wa kawaida waliofundishwa vinaweza kuwainua watu wenye VVU walioshikwa na sonona. Muulize mama, tena muulize akiwa peke yake.

Sasa watafiti. Wanachofanya ni kazi ya maana na nataka uielewe, usione kwamba wanachungulia tu maisha ya watu. Swali lao ni hili: magonjwa haya yanakutana kwa mtu mmoja zaidi ya vile yangekutana kwa bahati? Chukua uchunguzi wa kitaifa wa Uganda wa mwaka 2014. Ulikuta presha kwa asilimia 26.4 ya watu wazima, na kisukari kwa asilimia 1.4. Kama magonjwa haya hayajuani kabisa, basi kati ya watu 1,000 tungetarajia takribani wanne tu wenye yote mawili. Tukikuta wanane au tisa, kuna kinachoyavuta pamoja. Sehemu itakuwa ni umri, kwa kuwa yote mawili huwapata wazee zaidi, na umri ukishatolewa kwenye hesabu, kinachobaki ndicho kinachostahili kutafutiwa sababu. Kwa magonjwa matano, kumi au ishirini hesabu inakuwa nzito, nao hutumia kompyuta kuwapanga watu kwenye makundi yanayofanana. Makundi yanayojirudia katika nchi nyingi ni la moyo na sukari, la afya ya akili, na la mifupa na viungo. Kwetu huongezeka la maambukizi: VVU, kifua kikuu, na yanayoyafuata. Kisukari peke yake huongeza hatari ya kifua kikuu mara mbili hadi tatu, na hilo ni pacha ambalo nchi tajiri hukutana nalo kwa nadra.

Kuna mtego kwenye kazi hiyo, na mtafiti mzuri anaujua. Katika uchunguzi ule ule wa 2014, ni asilimia 7.7 tu ya waliokutwa na presha waliokuwa wanajua kwamba wanayo. Mtu wa kliniki ya VVU hupimwa mara kwa mara, jirani yake hapimwi kamwe. Ukisoma mafaili peke yake utadhani wenye VVU ndio wenye kila ugonjwa, kumbe ndio wanaopimwa. Joseph Berkson, daktari na mwanatakwimu wa Marekani, alionya tangu mwaka 1946 kwamba wagonjwa wa hospitali huonyesha uhusiano kati ya magonjwa ambao nje ya hospitali haupo. Ndiyo maana nathamini sana utafiti wa kijamii kama ule wa Kyamulibwa, hapa Uganda, uliowafuata watu wa vijiji, wagonjwa na wazima, tangu 1989. Ulianza kwa ajili ya VVU, na baadaye ukapima presha na sukari kwa watu wale wale.

Na usidhani huu ni uzee tu. Utafiti wa Uskoti wa mwaka 2012, uliosoma rekodi za watu karibu milioni 1.75, ulikuta kwamba wenye magonjwa mengi walio chini ya miaka 65 ni wengi kwa idadi kuliko waliovuka umri huo, na kwamba katika maeneo maskini magonjwa hukusanyika miaka 10 hadi 15 mapema. Umaskini ni sehemu ya ugonjwa wa mama, na hakuna kidonge chake kwenye mfuko ule.

Faida kwa mama mwenyewe? Moja kwa moja, huenda hakuna. Hawatamtibu kwa kusoma faili lake. Faida itakuja kwa wale watakaopangiwa kliniki kwa kufuata magonjwa yanavyokuja pamoja, na labda yeye mwenyewe baada ya miaka. Ana haki ya kukataa, na akikataa, matibabu yake hayaguswi. Akiwa tayari kukubali, aulize kwanza: utafiti umeidhinishwa na kamati ya maadili na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia? Jina lake litaondolewa kwenye takwimu? Nani atashika mafaili, na kwa muda gani? Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 inamlinda. Asomewe fomu kwa lugha anayoielewa vizuri, iwe Kisamia, Kiganda au Kiswahili, na abaki na nakala. Mimi ningekubali, kama majibu ya maswali hayo ni mazuri.

Mwisho, yanayomtaka aende hospitali siku ile ile bila kungoja tarehe: maumivu ya kifua, udhaifu wa ghafla upande mmoja au mdomo kwenda upande, kushindwa kupumua, kuvimba miguu na uso huku mkojo ukipungua, kuchanganyikiwa, kidonda cha mguu kisichopona. Akitetemeka na kutoka jasho baridi, apewe soda ya sukari au sukari kwenye maji kwanza, ndipo apelekwe. Akihara au kutapika sana hata siku moja, apelekwe, kwa sababu kaptoprili, bendro na metformini zinaweza kuhitaji kusimamishwa kwa muda huo. Presha ikiwa 180 kwa 120 au zaidi pamoja na kuumwa kichwa vibaya au kuona giza, ni dharura. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Na wakimpa dawa za kifua kikuu, wakumbushwe kwamba yuko kwenye TLD, maana rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hupunguza nguvu ya dolutegraviri na italazimu aongezewe kidonge cha pili cha dolutegraviri kwa siku.

Mpe mama salamu zangu. Kipimo cha figo kikirudiwa, niandikie tarakimu zote mbili, ya mwezi uliopita na mpya, pamoja na uzito wake na majibu ya mkojo.